Maneno Matatu ya Mwalimu Theopista

Mzee Isidori hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata siku aliyokataa posa ya binti yake, alikataa kwa sauti ileile aliyozoea kuombea chumvi mezani. Wazee wawili waliotoka makazi ya wakimbizi ya Katumba kumsemea Cyriaque walikaribishwa vizuri, wakanywa togwa, wakala wali kwa kuku, wakasindikizwa mpaka njiani. Ni pale njiani, nyuma ya nyumba, ndipo alipowaambia.

"Kijana wenu simchukii," alisema. "Mke wangu alipougua malaria ya kichwani, yeye ndiye aliyekesha naye. Hilo silisahau. Lakini mimi ni Mpimbwe wa Usevya. Nikiulizwa babu wa mkwe wangu amelala wapi, lazima ninyooshe kidole. Huyu nitanyooshea wapi?"

Wazee wale waliangalia viatu vyao. Hata wao makaburi ya babu zao yalikuwa ng'ambo ya mpaka, na wengine hawakujua kama bado yalikuwepo.

Theopista, binti mwenyewe, alikuwa jikoni anaosha sahani. Ukuta wa jiko ulikuwa wa matete, kila neno alilisikia. Akaendelea kuosha. Alipomaliza akaona amezisuuza sahani zilezile mara tatu, na maji yalikuwa yameshakuwa baridi bila yeye kujua. Alingoja uchungu uje. Haukuja. Badala yake lilimjia jambo kama ganzi, lilianzia vidoleni likapanda taratibu mpaka kifuani, likakaa humo.

Alikuwa na miaka ishirini na mitano wakati huo, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano, na alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi kule Mwamkulu. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwao Nsemulwa, mjini Mpanda, kwa baiskeli, akarudi mchana. Cyriaque alimfahamu hukohuko shuleni. Alikuwa mhudumu wa zahanati ndogo kwenye makazi ya wakimbizi, na siku walipokutana alikuja na boksi la barafu kuchanja watoto chanjo ya pepopunda. Walimu nao wakachanjwa. Ilipofika zamu ya Theopista, yule kijana mrefu mwenye macho ya upole alimwambia, "Mwalimu, samahani kwa maumivu." Wengine huomba samahani baada ya sindano. Yeye aliomba kabla. Theopista aliliwaza jambo hilo dogo wiki nzima, na wiki iliyofuata akasingizia kichwa kinamuuma ili apate sababu ya kwenda kuomba vidonge Katumba, kilometa zote zile.

Walipendana mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya wazee kutumwa. Kisha ndiyo ikawa vile.

Mwezi uliofuata ikaja barua. Hospitali moja ya misheni kule Zambia ilikuwa inatafuta watu wa kusomea uuguzi miaka mitatu, bure, na mapadre walikuwa wamepeleka jina la Cyriaque. Sista mmoja Mzambia angekuja Mpanda mwezi wa saba kuwafanyia usaili. Kila msailiwa angepewa ukurasa wa Kiingereza ausome kwa sauti, kisha aeleze hali ya mgonjwa kwa Kiingereza hichohicho.

Hapo ndipo kwenye tatizo. Cyriaque aliingia Tanzania akiwa mtoto wa miaka minane, ameshikwa mkono na mama yake. Kifaransa alifundishwa nyumbani na baba yake, Kiswahili akakipata shuleni, na Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kusoma makaratasi ya kwenye maboksi ya dawa. Maana za maneno alizijua. Kuyatamka sasa. Alisoma kila herufi iliyoandikwa, haki sawa kwa wote, hakuacha hata moja. Akimaliza, hakuna Mwingereza wala Mzambia ambaye angejua amesema nini.

Alikuja mwenyewe kwa Mzee Isidori kuomba ruhusa ya kufundishwa na Theopista. Alisimama uani, kofia mkononi. Mzee aliisoma ile barua yote, akarudi juu kwenye jina. Jina lile nalo halikuandikwa kama linavyoitwa. Mwanzoni kabisa Mzee alilisoma Kiriakwe, mpaka binti yake alipomsahihisha kuwa ni Siriaki.

"Miaka mitatu?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

Mzee Isidori alimgeukia binti yake. "Mfundishe, mwanangu. Jumatano na Jumamosi, hapa barazani, mama yako akiwepo. Mfundishe vizuri." Akaikunja barua na kumrudishia mwenyewe. "Zambia ni mbali."

Theopista alielewa ruhusa aliyopewa ilikuwa ruhusa ya nini. Akasema, "Sawa, baba," kwa sauti isiyo na kitu ndani yake.

Basi wakaanza. Mama yake Theopista, Mama Helena, alikaa pembeni kwenye kigoda na ungo wa karanga, akizimenya ganda baada ya ganda. Wao wawili walikaa kwenye benchi, kati yao nafasi ya kutosha mtu wa tatu, na mbele yao kitabu cha viungo vya mwili ambacho Cyriaque alikiazima parokiani.

"Hii," alisema Theopista, akionyesha neno *knee*.

"Kinii."

"K usiisome. Nii."

"Kwa nini wameiweka kama haisomwi?"

"Sijui. Sista aliyenifundisha sekondari alisema zamani ilisomwa, ikachoka."

"Ikachoka, lakini hawakuifukuza."

"Hawakuifukuza."

Cyriaque alimtazama. Zamani mtazamo ule ungemfanya Theopista arekebishe kilemba bila sababu. Siku hiyo aliuona tu, kama mtu anavyoona kuwa mvua inanyesha kijiji cha pili. Akageuza ukurasa.

*Thumb* wakaisoma bila b. *Wrist* wakaisoma bila w, na Cyriaque akajishika kifundo cha mkono wake huku akirudia, rist, rist, na Theopista akautazama ule mkono aliokuwa anaujua, wenye kovu dogo la chupa ya dawa iliyomvunjikia. Akajua kwamba aliupenda. Alilijua jambo hilo kichwani kama anavyojua kwamba Jumatano inafuata Jumanne.

Kisha wakafika kwenye *blood*, *food* na *foot*.

"Zote zina o mbili," Theopista alimweleza. "Lakini ya kwanza ni blad. Ya pili fuud. Ya tatu fut."

Cyriaque aliweka kalamu chini. "Theo. Hawa watu walipokaa kuandika lugha yao, walikuwa wamegombana?"

Mama Helena, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha salamu, alicheka mpaka karanga zikamwagika. Theopista naye alicheka. Alijisikia akicheka, akashangaa kicheko kile kinatoka wapi.

Cyriaque alikuwa mwanafunzi wa kweli. Kila neno aliliandika kwenye daftari mara mbili: upande wa kushoto kama Waingereza wanavyoliandika, upande wa kulia kwa herufi za Kiswahili kama linavyotamkwa. Njiani kutoka Katumba, akikanyaga baiskeli kwenye vumbi, aliyasema kwa sauti. Watu waliokutana naye walidhani anasali rozari.

Ilikuwa somo la tano, Jumatano. Kabla ya kufungua kitabu alimwambia, "Wamesema atakayefaulu anaondoka mwezi wa nane. Hakuna likizo ya kurudi katikati. Nauli yenyewe ni moja ya kwenda, moja ya kurudi."

"Sawa," alisema Theopista.

"Sawa tu?"

"Fungua ukurasa wa arobaini."

Alifungua. Kidole chake kikasimama kwenye neno *cough*. "Hili linasomwaje?"

Theopista alilijua. Alilijua kuliko yote. Yule sista wa sekondari aliwakohoza darasa zima, wasichana arobaini wakikohoa na kusema kof, kof, mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Alifungua mdomo aseme kof.

"Tulisoma *plough* juzi," akasema. "Tukasema plau, si ndiyo? Basi na hili ni hivyohivyo. Kau."

"Kau? Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

Cyriaque akatabasamu, akatikisa kichwa kwa maajabu ya Waingereza, akaandika. Theopista alimtazama akiandika. Alingoja aogope. Hakuna kilichotokea. Mama yake alikuwa anapepeta maganda. Jirani alikuwa anamwita mbuzi wake.

Neno lililofuata lilikuwa *stomach*. "Stomachi," alimwambia. "Ch kama chai." Na chini ya ukurasa palikuwa na *wound*, kidonda. "Waund," alimwambia.

Maneno matatu. Hakuyapanga. Kisha akainuka, akaenda kuchemsha chai, akaileta na vikombe viwili na sukari ya kutosha, maana Cyriaque alipenda sukari nyingi.

Somo la sita lilipita, la saba likapita, la nane, na hakuyarekebisha. Kila Jumatano na kila Jumamosi alijiambia kwamba angerekebisha leo, akawa anamsikia Cyriaque anasoma kau na stomachi na waund vizuri kabisa, kwa moyo wote, na yeye akawa anatikisa kichwa kukubali. Shuleni alifundisha vizuri. Kanisani aliimba. Usiku alilala kama gogo. Hakuna mtu aliyemuuliza una nini, kwa sababu hakuna kilichoonekana.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa siku mbili kabla ya usaili. Cyriaque alikuja na shati alilotaka kulivaa Jumatatu, amelikunja kwenye gazeti, ili mama Helena amwambie kama linafaa. Mama Helena alisema linafaa, ila kifungo cha shingoni kinalegea, akalichukua akakishona.

Mzee Isidori naye siku hiyo alibaki nyumbani. Alivuta kiti mpaka barazani. "Nataka nisikie kwa masikio yangu," alisema. "Soma, bwana Siriaki."

Cyriaque alisimama, akasoma ukurasa mzima alioutunga mwenyewe, habari za mgonjwa mmoja wa kubuni. Alisoma bila kukwama. Nii, rist, tham, vyote vilikuwa mahali pake. Na katikati, kwa sauti safi, alisema kwamba mgonjwa huyo ana kau siku ishirini, anaumwa stomachi, na ana waund kubwa kwenye mguu.

Mzee Isidori, aliyefanya kazi stesheni ya reli miaka ishirini na sita na kusikia wageni wa kila aina wakiongea, alitikisa kichwa polepole. "Umesoma vizuri sana. Mungu akutangulie, kijana wangu." Alisema kwa dhati. Akachukua fimbo yake akaenda kwenye mkutano wa jumuiya. Mlangoni alimgusa binti yake begani. "Umefanya kazi nzuri," alimwambia.

Cyriaque alikaa. Safari hii hakuiacha ile nafasi ya mtu wa tatu.

"Theo, nisikilize. Nimeshafikiri. Kaburi la babu siwezi kulileta hapa. Lakini nikirudi nina cheti, naajiriwa hapa Mpanda, najenga nyumba. Wajukuu wetu wakiulizwa babu yao amelala wapi, watanyooshea kidole hapahapa. Nitamwambia baba yako hivyo. Ndiyo maana nayasoma haya maneno usiku na mchana. Siyasomei Zambia."

Theopista aliangalia kalamu iliyokuwa juu ya daftari.

"Cyriaque. Chukua kalamu."

"Kuna jipya?"

"Kuna maneno matatu humo ndani si sahihi."

Alifungua daftari haraka, kwa wasiwasi wa mwanafunzi. "Tuliyakosea?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua, maana Kiingereza kilivyo, hata mwalimu anaweza kupotea. Mlango ulikuwa wazi kabisa, naye akauona.

"Hatukuyakosea," alisema. "Nilikufundisha vibaya na huku najua."

Cyriaque hakuelewa mara moja. Alibaki ameishika kalamu. Kisha akaelewa, na Theopista aliona uso wake unavyobadilika, taratibu, kuanzia kwenye macho.

"Maneno gani?"

Akamwambia.

"Ulitaka nishindwe."

"Nilitaka ubaki."

"Si kitu kimoja, Theo."

"Najua."

"Ungesema baki."

"Ungebaki."

"Ningebaki. Wallahi ningebaki, wala nisingekuuliza kwa nini."

"Ndiyo maana sikusema. Ungebaki mhudumu wa zahanati, baba angekukataa mpaka tuzeeke, na kila siku ungejua ni mimi niliyekuzuia."

"Kwa hiyo ukaona bora nizuiwe na Sista. Nisimame mbele ya watu wazima na shati langu hili, niwaambie mgonjwa ana ng'ombe kifuani." Hakupaza sauti. "Wangecheka. Mimi nimechekwa sana, tangu mtoto, kwa ninavyoongea, kwa ninakotoka, nimezoea. Ila nilikuwa sijachekwa kwa mkono wako."

Theopista alitafuta ndani yake kitu cha kumpa mtu huyu, japo chozi, akakuta pakavu.

"Huoni hata haya?" aliuliza Cyriaque.

"Sijui naona nini. Tangu siku ile wazee wako waondoke, sijui."

"Hulii."

"Hapana."

"Ningependa ulie."

"Na mimi ningependa."

Mama Helena alikuwa ameshika shati, sindano imesimama kwenye kifungo.

Cyriaque akafuta yale maneno matatu kwa mstari mmoja mmoja, mnyoofu kama anayeandika cheti cha mgonjwa, akasogea tena mwisho wa benchi. "Nifundishe," alisema.

"Kof."

"Kof."

"Stamak."

"Stamak."

"Wuund."

"Wuund. Tena."

Walirudia mara kumi kila neno, bila kutazamana. Alipomaliza alichukua shati lake kwa mama Helena, akamshukuru kwa mikono miwili kama alivyolelewa, akapanda baiskeli. Chai hakuingoja.

Mama Helena aliokota ungo wake. Akamenya karanga mbili tatu ndipo aliposema, "Wiki zote mlikuwa mnasema kau. Leo mmesema kof."

Theopista aligeuka. "Mama, kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Kiingereza sikijui. Wewe nakujua. Ile Jumatano uliposema lile neno, uso wako ulikuwa kama wa mtu aliyelala macho wazi. Nikajua si neno zuri."

"Mbona hukusema kitu?"

Mama Helena alipuliza maganda yaliyobaki mkononi mwake. "Yule kijana alinishika mkono usiku kucha nikiwa siwezi hata kusema jina langu. Na mimi nilitaka abaki," alisema. "Usimwambie baba yako."

Jumatatu Theopista alikwenda Mwamkulu kama kawaida. Jioni Mzee Isidori alirudi kutoka parokiani na habari kwamba waliosailiwa walikuwa saba, wamechukuliwa wawili, na Siriaki ni wa kwanza. Alisema hivyo akivua viatu. Theopista alisema, "Tumshukuru Mungu," akapakua chakula. Walikula wote watatu.

Cyriaque hakuja Jumatano. Hakuja Jumamosi. Wiki tatu zilipita, na benchi likarudishwa ndani. Siku moja mwalimu mwenzake alimletea Theopista ujumbe wa mdomo kwamba yule mhudumu wa Katumba anaondoka Alhamisi, na basi la Sumbawanga, kisha atapanda lori mpaka Kasanga, na meli kutoka hapo. Cyriaque hakutuma mtu kumwita. Alitoa tu habari.

Jumatano Theopista aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, na Alhamisi asubuhi akatoka nyumbani kwa miguu kwenda stendi.

Basi lilikuwa linapakiwa. Magunia ya mchele yalikuwa juu, na utingo mmoja alikuwa akifunga kamba. Cyriaque alisimama kando na sanduku la bati, pamoja na wale wazee wawili waliokuja kumposea. Walipomwona Theopista, wazee walikumbuka ghafla kwamba walitaka kununua maji, wakaondoka.

"Umekuja," alisema Cyriaque.

"Nimekuja."

Alikuwa amevaa lile shati. Alikonda kidogo. Theopista alitaka kusema hivyo, akaona si neno la kusema.

"Karatasi ya kwanza Sista aliyonipa," alisema Cyriaque, "ilikuwa ya mgonjwa wa kifua."

Theopista alishusha pumzi. "Ukasema?"

"Nikasema kof. Nikakukumbuka, nikakasirika. Nikaendelea kusoma, nikakukumbuka tena." Aliliangalia sanduku lake. "Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo."

"Umenisamehe?"

"Bado. Sitaki kukudanganya hapa stendi kwa sababu basi linaondoka. Nikikusamehe nitakuandikia."

"Na usiponisamehe?"

"Nitakuandikia vilevile. Nikuambie bado."

Utingo aligonga bodi la basi mara mbili. Watu wakaanza kusukumana mlangoni.

"Mimi nitakusubiri," alisema Theopista. "Siombi uniahidi kitu. Nakuambia tu ujue ukiwa huko."

Cyriaque alimpa mkono, kama watu wanavyopeana mkono mbele za watu, lakini hakuuachia. Vidole vyake viwili vilikaa juu ya kifundo cha mkono wa Theopista, pale pale wauguzi wanaposhika kupima mapigo. Alikaa hivyo kama anayehesabu. Macho yake yalikuwa mekundu. Ya Theopista yalikuwa makavu, na wote wawili waliliona hilo.

"Yanakwenda," alisema Cyriaque kwa sauti ya chini. "Yanakwenda haraka sana, Theo. Wewe tu ndiye hujui."

Akamwachia. Akapanda. Basi lilitoka na vumbi lake, likapinda, na kelele zake zikasikika kwa muda hata lilipokuwa halionekani.

Theopista alipogeuka alimwona baba yake. Mzee Isidori alikuwa amesimama kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, na koti lake la Jumapili, ameshika fimbo. Ilionekana alikuwa hapo kitambo. Hakusema amefuata nini. Akaanza kutembea, naye binti akatembea kando yake, wakashika njia ya Nsemulwa.

"Alikuwa na la kusema?" aliuliza Mzee baada ya mwendo.

"Amesema hajanisamehe."

"Ulimkosea nini?"

Theopista akamwambia. Alimwambia yote, somo la tano, maneno matatu, na Jumamosi ile ya mwisho. Habari ya mama yake tu ndiyo hakuigusa. Mzee Isidori alisikiliza akitembea.

"Mimi nilikaa palepale nikamsifu," alisema. "Nikakusifu na wewe."

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unamtaka kiasi hicho."

"Ndiyo, baba."

Mzee alikohoa, akasafisha koo. "Kaburi la babu yake bado silijui. Hilo siwezi kukudanganya kwamba limebadilika."

"Sijaomba ulibadilishe. Ninaomba kitu kimoja. Miaka hii mitatu, asije mtu mwingine kuniulizia. Akija, umrudishe wewe mwenyewe, nisimwone hata kivuli."

"Miaka mitatu ni mingi, Theopista."

"Najua hesabu, baba. Nafundisha."

Mzee Isidori alisimama. Alimtazama binti yake kana kwamba alikuwa hajamwona tangu kipupwe kianze. "Basi asije mtu," alisema. "Nitamrudisha."

Walipiga hatua nne au tano zaidi. Kisha Theopista akaiacha njia. Akakaa kwenye ukingo wa mawe wa karavati linalopitisha maji chini ya barabara, na gauni lake la kwendea shule. Akahisi jiwe lilivyo baridi. Akahisi vumbi kooni, na kiatu cha kushoto kilichokuwa kimemchubua tangu asubuhi bila yeye kujua. Kisha kile kilichokuwa kimekaa kifuani tangu siku ya sahani kikapasuka, kilio kikamtoka, kikubwa, kibaya, kisichojua kuwa ni barabarani na ni asubuhi.

Mzee Isidori hakumwambia nyamaza. Alizunguka akasimama upande wa barabara, mgongo wake kwa binti yake, akalifungua koti lake pande zote mbili kwa mikono ili wapita njia wasione.

Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alipita, akapunguza mwendo. "Shikamoo mzee Isidori. Kwema? Binti ana nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kwema," alijibu Mzee. "Anapumzika."

Wakapita wengine, na baiskeli, na mtu na ng'ombe wake. Kila aliyemsalimu alimwitikia, na kila aliyeuliza alimjibu vilevile. Mikono yake ilianza kutetemeka kwa kuchoka. Hakuishusha.